Mkweche, kimeo, mkangafu, skrepa: jamani tusiziite gari zote jina moja

#1 Mleta uzi

Wakuu habari za saa hizi. Kuna kitu kinanikera kila nikisoma nyuzi za magari, mtu gari yake imechubuka rangi kidogo tu anaita mkweche, mwingine ana gari ya juzi ila kila wiki iko gereji nayo anaita mkweche, mwingine ana bodi tupu limekaa juu ya matofali halina injini halina taa eti "mkweche wangu". Kiswahili hakijatunyima maneno kiasi hicho. Haya majina kila moja lina kazi yake, na aliyewahi kukaa na mafundi anajua ukitaja jina sahihi fundi anakuwa ameshaipata picha ya gari kabla hata hujamfungulia boneti.

Ninavyoelewa mimi, mkweche ni gari kuukuu INAYOTEMBEA. Hilo la kutembea ndio msingi wa neno. Mlango wa abiria unafunguliwa kwa nje, kioo unakipandisha kwa kukisaidia na kiganja, gia ya pili mpaka uibembeleze, geji ya mafuta ilikufa zamani kwahiyo dereva anakadiria kwa kichwa, lakini asubuhi ukipiga funguo inawaka na jioni inakurudisha. Mkweche una heshima zake bwana.

Mkangafu naona ni hatua mbele kidogo kwenye kuchakaa, pale uchakavu umeshaingia kwenye mifupa, sakafu imeliwa na kutu mpaka unaiona barabara inapita chini ya miguu, viti vimebaki springi na gunia. Vijana wa sasa hili neno hawalitumii sana ila mi nalipenda, ukilitamka tu unasikia kitu kinakwaruza.

Kimeo sasa, hapa ndio watu wengi wanapotea. Kimeo sio lazima iwe nzee. Kimeo ni usumbufu. Rangi inang'aa, dashibodi ina skrini, viti bado vina nailoni, ila leo taa ya injini imewaka, kesho gia boksi inarusha, keshokutwa haiwaki kabisa na fundi akipima kila kitu anakuta kizima. Na skrepa ni marehemu, hiyo haina mjadala, inauzwa kwa kilo.

Kwahiyo kuna uzee na kuna ubovu, na ni vitu viwili ambavyo vinapenda kutembea pamoja ila sio kitu kimoja. Shusheni majina mnayoyajua ya lugha yoyote ile afu mseme linaangukia upande gani. Na tafadhali msilete picha ya gari ya jirani bila ruhusa yake, tunajuana humu.

#2

Uzi mzuri mkuu. Naleta ya Waingereza na Wamarekani maana ndio tunayakuta sana mtandaoni. Mwingereza anasema banger, Mmarekani anasema clunker, na yote mawili yametokana na mlio. Banger ni ule mlipuko wa kwenye ekzosi, PAA, watu wanainama. Clunker ni ule mlio mzito wa chuma kugonga chuma, ukiingia shimo tu unasikia kule chini KLANG. Yani hawa wenzetu wametaja gari kwa kuisikiliza.

Jalopy nalo ni la Wamarekani, lipo tangu miaka ya 1920 huko, na linasimuliwa hadithi nyingi kuhusu lilikotoka, maarufu zaidi ni kwamba eti magari chakavu yalikuwa yanapelekwa Jalapa kule Meksiko. Hadithi tamu ila ushahidi wake hakuna. Afu kuna Tin Lizzie na flivver, hayo walipewa Ford Model T, gari iliyotengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927 na zikatoka zaidi ya milioni 15. Zilivyojaa barabarani na kuzeeka, flivver ikaja kuwa jina la gari yoyote ndogo ya bei chee iliyochoka.

#3

Mimi ni fundi, nimecheka hapo kwa #2 maana ni kweli kabisa, majina ya mlio ni majina ya ugonjwa.

Gari ikilipua kwenye ekzosi maana yake kuna mafuta hayakuungua ndani ya silinda yakaenda kuungulia nje. Angalia plagi inayomisi, angalia taimingi. Ile KLANG ya kwenye shimo ni bushi zimekufa au boli jointi imelegea, na hiyo boli jointi usiichekee, ikichomoka tairi linalala ukiwa mwendoni. Ukikata kona hadi mwisho ukasikia tak tak tak tak hiyo ni sivi jointi, kile kiungo cha ekseli kinachozungusha tairi. Na injini ikigonga kwa ndani, mlio unaongezeka kadri unavyokanyaga mafuta, zima gari hapohapo, usiniambie "nilitaka nifike tu nyumbani". Wanaofika nyumbani ndio wanaokuja kuninunulisha injini nyingine.

Moshi nao una majina yake gereji. Wa bluu inakula oili, ringi za pistoni au sili za vali zimechoka. Mweupe mzito usioisha hata gari ikipata moto, maji yanaingia kwenye silinda, mara nyingi ni gasketi ya hedi. Mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa. Kwahiyo mkweche wa mleta uzi unaweza kutoa wa bluu miaka na miaka, unaongeza oili maisha yanaendelea. Ukianza kutoa mweupe hapo unaelekea skrepa na unaelekea haraka.

#4

Samahani wakuu ila mi naona mnatwanga maji kwenye kinu. Jina la gari halitokani na hali ya gari, linatokana na nani anaongea. Gari hiyohiyo moja, mwenyewe anaiita "mchuma wangu", jirani anaita mkweche, shemeji aliyekwama nayo njiani anaita kimeo, mnunuzi anaita skrepa ili apunguziwe bei. Na anayeiuza? Huyo hata siku moja hatataja neno lolote kati ya hayo mliyoorodhesha.

Nendeni kwenye matangazo muone. "Kuwasha na kuondoka", maana yake ukiizima usiwe na uhakika. "Injini haijafunguliwa" maana yake bado, wewe ndio utaifungua. "Inahitaji marekebisho madogomadogo", kimbia. "Ilikuwa inatumiwa na mama kwenda kazini tu" na ukiangalia chini ya gari utadhani mama alikuwa anafanya kazi machimboni. "Rangi ya kiwandani" wakati mlango mmoja ni mwekundu na mwingine mwekundu ila sio ule wekundu. Na ile "sababu ya kuuza: shida za kifedha", ndio, shida zenyewe zimesababishwa na gari.

Kwahiyo mkitaka kamusi ya magari mabovu anzeni na lugha ya muuzaji, hii ya mtaani ni ya wakweli.

#5 Mleta uzi

Hahaha #4 umeniua hapo kwenye wekundu. Ila nakukatalia kidogo. Ndio, mtu anachagua jina kwa maslahi yake, lakini kama maneno yasingekuwa na maana tofauti asingekuwa na cha kuchagua. Mnunuzi anasema skrepa kwa sababu anajua skrepa ina bei ya kilo. Angesema mkweche asingepunguziwa kitu.

Afu kuna sehemu hadi mpango wa serikali ulipewa jina la mtaani. Marekani mwaka 2009 walikuwa na mpango wa kuondoa magari yanayokunywa mafuta, unapeleka gari yako ya zamani unapewa punguzo la dola 3,500 au 4,500 ununue mpya isiyokula mafuta sana. Jina rasmi lilifupishwa CARS ila kila mtu akauita Cash for Clunkers. Walianza na dola bilioni 1, zikaisha kama wiki moja hivi, wakaongezwa bilioni 2 nazo zikaenda, mwisho wa Agosti mambo yamekwisha, magari kama laki sita na sabini hivi yamekusanywa.

Sasa kilichonishangaza ni jinsi walivyokuwa wanayaua. Sheria ilikuwa injini isirudi barabarani, kwahiyo wanamwaga oili yote, wanamimina mchanganyiko wa maji na sodiamu silikati, wanawasha gari na kuikanyagia kwenye mizunguko kama 2,000 hivi kwa dakika. Ule mchanganyiko ukipata moto maji yanaondoka inabaki kama kioo ndani ya beringi, dakika chache tu injini inabana kimya. Na sharti mojawapo lilikuwa gari iwe inatembea ndio ipokelewe! Yani walikuwa wanaua mikweche, sio skrepa. Nyingi ya zile gari sisi tungezipa miaka kumi mingine.

#6

Mkuu hiyo ya mwisho imeniuma. Kumimina kioo kwenye injini inayowaka, hiyo ni dhambi.

Mi nina ya lugha nyingine, nimekaa na watu wa mataifa tofauti kazini na nimegundua ukiacha mlio kuna kundi lingine kubwa, vyombo vya jikoni. Sijui kwanini. Mwitaliano gari chakavu anaiita macinino, kile kimashine cha kusagia kahawa. Mspanyola anasema cafetera, birika la kahawa hilo. Mrusi anaiita ndoo, na akikasirika zaidi anasema ndoo yenye nati. Waingereza nao wanayo hiyohiyo, bucket of bolts. Mbrazili anasema lata velha, kopo kuukuu. Mjerumani yeye anasema Klapperkiste, sanduku linalogongagonga, na kama kutu ndio shida anaiita Rostlaube, kibanda cha kutu. Mfaransa anasema tacot, au guimbarde ambalo pia ni jina la kile kiala kidogo cha muziki kinachopigwa mdomoni.

Nadhani ni kwa sababu ya bati. Gari ikishapoteza kila kitu kinachoifanya iwe gari, kilichobaki ni bati linalotikisika na vitu vimo ndani. Na hayo majina mengi hayatofautishi uzee na ubovu kama unavyotaka mleta uzi, yamechanganya tu.

#7

Wajapani je? Wao wana ponkotsu, gari au mashine iliyochoka, na sasa hivi wanamwitia hata mtu, yule anayeharibu kila anachoshika ila mnampenda tu. Hapo nadhani tumezidiwa, maana kimeo ukimwita mtu anakasirika kweli.

Ila ningependa niongezee kitu kuhusu Japani, maana gari nyingi zinazobishaniwa hapa zimetoka huko. Kule gari inapimwa kwa lazima, wanaita shaken, gari mpya ya binafsi inapimwa baada ya miaka 3 afu kila baada ya miaka 2, na gharama yake inauma. Ikifika miaka kadhaa mtu anapiga hesabu anaona bora aachane nayo anunue nyingine. Kwahiyo inauzwa nje ikiwa nzima kabisa, na mtu wa pili anaipokea kama mpya. Gari ileile kwa mmoja mzigo, kwa mwingine ndio kwanza imezaliwa.

Ndio maana nchi zinazopokea zikatunga majina ya kwao. Nigeria wanaita tokunbo, ni jina la Kiyoruba ambalo kwa asili anapewa mtoto aliyezaliwa ng'ambo akaletwa nyumbani. Tamu sana hii. Ivory Coast wanasema France au revoir, kwaheri Ufaransa. Hakuna tusi hapo hata kidogo, ni jina la safari tu. Afu serikali nazo zinaweka mipaka yao, Kenya gari ikizidi miaka 8 haiingii, Uganda waliweka miaka 15 mwaka 2018. Kwahiyo umri wa uzee unabadilika ukivuka mpaka.

#8

Afrika Kusini wana skorokoro. Litamke taratibu. Sko-ro-ko-ro. Hiyo ni gari inapanda kilima kwa gia ya kwanza. Sihitaji kueleza zaidi.

Na hukohuko wana skedonk pia.

#9

Nimesoma uzi mzima na naona hakuna aliyetaja lemon, na ndio inayofanana zaidi na kimeo ya mleta uzi. Kwa Wamarekani lemon ni gari, hata mpya, iliyotoka na kasoro isiyotibika. Walichoka mpaka wakatunga sheria za kumlinda mnunuzi zinazoitwa hivyohivyo, lemon laws, Connecticut wakawa wa kwanza mwaka 1982. Kimsingi gari mpya ikirekebishwa mara kadhaa tatizo lilelile likabaki, mwenye kiwanda anabadilisha gari au anarudisha hela.

Na mchumi mmoja, George Akerlof, aliandika makala mwaka 1970 kuhusu soko la magari hayo, ikaja kumpa Nobeli ya uchumi mwaka 2001 pamoja na wenzake wawili. Hoja yake ukiisikia utadhani amekaa kwenye yadi za magari maisha yake yote. Muuzaji anaijua gari, mnunuzi haijui. Mnunuzi kwa kuogopa kupigwa anataja bei ya katikati, sio ya gari nzuri sio ya kimeo. Mwenye gari nzuri akisikia hiyo bei anaona anadharauliwa, anaondoka na gari yake. Mwenye kimeo anafurahi, anabaki. Wanunuzi wakigundua waliobaki ni vimeo wanashusha bei tena, na wenye gari za wastani nao wanaondoka. Mwisho yadi nzima ni vimeo vinatazamana.

Kwahiyo #4 ulichosema kuhusu matangazo, kuna mtu kachukua Nobeli kwa hilo.

#10 (yule wa #4)

Nobeli yangu naisubiri basi.

Ila kwa kumaanisha, hiyo ndio sababu mi siku zote nasema nenda na fundi wako, sio fundi wa muuzaji, na fika asubuhi injini ikiwa ya baridi. Ukikuta boneti lina moto ujue wameshaiwasha kabla hujafika, na gari nzima haina haja ya kuamshwa mapema ili ipokee wageni.

#11

Mleta uzi nakuunga mkono kwenye kutenganisha uzee na ubovu, na mfano mzuri ni Kuba. Zile gari za Kimarekani za miaka ya 1940 na 1950 wanaziita almendrón, kutokana na lozi, kwa sababu ya lile umbo la mviringo. Zina miaka zaidi ya 60 na zinabeba abiria kama teksi zenye ruti maalumu. Ukifungua boneti nyingi unakuta injini ya dizeli ya gari nyingine kabisa, spea zimechongwa kwa mkono. Uzee upo tele, na jina lake halina dharau.

Ujerumani nao gari ikifikisha miaka 30 na iko katika hali nzuri ya asili inaweza kupewa namba yenye herufi H mwishoni, inakuwa turathi, inaitwa Oldtimer. Kwahiyo kuna mahali ukivumilia vya kutosha mkweche unapandishwa cheo. Na hawahawa Wajerumani ndio waliiita Trabant, ile gari ndogo ya Ujerumani Mashariki, Rennpappe, yaani kadibodi ya mashindano, kisa bodi yake haikuwa bati, ilikuwa Duroplast, mabaki ya pamba yaliyogandishwa na resini. Tusi lakini la upendo. Ilitengenezwa Zwickau kuanzia 1957 hadi 1991 na ilivyokuwa tustroku, injini inayochoma oili pamoja na mafuta, ilitoa moshi wa bluu tangu siku ya kwanza, fundi wa #3 angeihukumu vibaya.

#12

Kwenye nchi za baridi kuna na beater. Hii ni gari bovu ya MAKUSUDI. Kipindi cha theluji barabara zinamwagiwa chumvi na chumvi inakula bati, kwahiyo mtu anaifungia gari yake nzuri anaendesha hii ya kufa nayo, ilimradi hita inafanya kazi. Waaustralia wana paddock basher, haina namba haina kibali cha barabarani, ni ya kuzungukia shambani tu na watoto wanajifunzia.

Mnaonaje hapo, sio mkweche sio skrepa. Kuna neno letu?

#13 Mleta uzi

#12 swali zuri, sina neno moja. Mtaani wangesema "gari ya shida", ila hiyo nayo inaweza kumaanisha gari yenye shida, tukarudi kulekule. Mwenye neno alilete.

Na kwa #6, hata kama lugha nyingine zimechanganya mi naona sisi tusichanganye, maana kwetu kosa la jina linagharimu. Ukimwambia fundi kwenye simu "nina mkweche wangu hapa" anakuja na spana na betri ya kustulia. Ukimwambia kimeo anakuja na mashine ya kupimia. Ukisema skrepa haji.

#14

Wakuu mi niulize basi mnisaidie. Gari yangu haijachoka sana ila siku hizi haiwaki mpaka isukumwe, na ikishawaka inatembea vizuri tu kutwa nzima. Hii mnaiweka wapi, mkweche au kimeo?

#15 (fundi wa #3)

Kwanza tuache majina. Ukipiga funguo inasemaje? Kama ni tik moja au tik tik tik afu taa za dashibodi zinafifia, anza na betri na vichwa vyake, safisha ule unga mweupe, kaza. Kama taa zinabaki na nguvu ila stata kimya, stata yenyewe ina shida, mara nyingi ni kaboni zimeisha au soleno, ile swichi yake. Kama betri inakufa kila ukilaza gari ila ukiwasha inachaji vizuri, kuna kitu kinakula umeme usiku. Hivyo vyote ni vidogo, hiyo sio kimeo bado.

#16 (yule wa #14)

Asante fundi. Ila kusukuma nako kumeniletea maneno, jirani anasema otomatiki haisukumwi

#17 (fundi wa #3)

Subiri. Ni otomatiki?

#18 (yule wa #14)

Ndio

#19 (fundi wa #3)

Otomatiki ya kawaida ukiisukuma injini haizunguki kaka, pampu ya gia boksi inaendeshwa na injini na injini imezimika, hakuna presha, gia haishiki. Kwahiyo sio kusukuma kunakoiwasha. Inawaka kwa sababu mkishachoka unaingia ndani na kupiga funguo tena, na wakati mnahangaika nayo betri imepumzika kidogo. Kesho kaa tu kwenye kiti, uzime taa na redio, subiri dakika chache, upige. Ikiwaka nenda kapimishe betri. Na hao wanaokusaidia kusukuma wambie pole.